Bango Lililongoja Nyasi

Bango lenye jina la Corinne Desrochers lilikuwa limeegemezwa bandani, nyuma ya ndoo za maziwa, tangu mwanzoni mwa Juni, na uso wake ulikuwa umeelekezwa ukutani. Mumewe, Armand, ndiye aliyeligeuza. Alisema alifanya hivyo ili ng'ombe wasilirushie mavi. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, kwa maana ng'ombe hurusha mavi. Lakini haikuwa sababu yake.

Shamba lao lilipakana na barabara kuu mahali inapopinda, ambapo kila gari hulazimika kupunguza mwendo. Katika kaunti nzima hapakuwa na mahali bora pa kusimamishia bango la mtu anayetaka kuteuliwa na chama chake kugombea unaibu gavana wa jimbo la Vermont. Majirani walikuwa wamekwisha kusimamisha mabango ya Corinne mbele ya nyumba zao, hata mjane Gilman ambaye hakuwa amesemezana naye tangu ugomvi wa mpaka wa bustani. Shamba la mgombea mwenyewe ndilo lililobaki tupu, na kila aliyepita pale aliuona utupu huo.

"Nyasi kwanza," Armand alijibu kila alipoulizwa. "Nikisimamisha nguzo pale, mashine ipite wapi?"

Nyasi zilikatwa. Zikakauka, zikafungwa marobota, zikaingizwa ghalani. Alipoulizwa tena, alisema kwamba anangoja nyasi za pili zichipue, kwani hizo ndizo tamu kwa ng'ombe wa maziwa. Corinne hakumsihi. Alimwomba mara moja tu, asubuhi moja mezani, na alipopewa jibu lile la nyasi alisema "haya," akaendelea kupaka siagi mkate wake. Laiti angefoka, Armand angepata la kujibu. Upole ule ulimkera kuliko matusi.

Ukweli ulikuwa kwamba miaka minane iliyopita Armand mwenyewe aligombea kiti cha Bunge la jimbo, akashindwa. Hata hapa mjini Corley, alikozaliwa yeye na baba yake na babu yake, mpinzani alimzidi kwa kura nne. Uchaguzi uliofuata, watu wa chama walirudi kugonga mlango ule ule. Armand aliwafungulia akiwa amekwisha kufikiri la kusema, naye akawakaribisha jikoni. Walikunywa kahawa yake, wakala andazi, kisha wakamuuliza kama mke wake yupo.

*

Corinne alishinda kiti kile, akakitunza vyema, na sasa jina lake lilitajwa redioni na watu wasiomfahamu. Katika hayo yote tabia yake haikubadilika, nalo hilo lilimwumiza Armand kwa namna yake. Angepata kiburi, mume angekuwa na haki ya kumshusha. Lakini mwanamke alirudi kutoka mikutanoni, akavua viatu vizuri, akavaa vile vya bandani vilivyotiwa soli upya mara mbili, akaingia kukamua.

Katikati ya Julai gazeti lilituma mpiga picha. Alifuatana na Tess, binti kutoka mji wa Burlington aliyesimamia kampeni ya Corinne, naye alikuja amevaa buti mpya zisizokuwa na doa. Walitaka picha ya mgombea akiwa na ng'ombe. Armand alimchagua Babette, ng'ombe mpole kuliko wote, akamsugua ubavu kwa mswaki mpaka ukang'aa, akasimama kando yake ameshika kamba. Alikuwa amenyoa ndevu.

Mpiga picha alitazama katika kamera yake, akanong'onezana na Tess.

"Bwana Desrochers," Tess akasema kwa adabu, "samahani, mzee wangu. Ungesogea kidogo? Kivuli chako kinamwangukia."

Armand akasogea.

"Kidogo tena."

Akasogea tena, mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa ghala. Corinne aligeuka, akasema kwamba ng'ombe huyu hatulii mtu mwingine akishika kamba, na kwamba mume wake arudi pale alipokuwa amesimama. Lakini Armand alikwisha kuiachia kamba na kutoka nje, na alipokuwa nje alisikia Babette akisimama kimya, mtulivu kabisa, mikononi mwa mke wake.

Picha ilitoka Alhamisi. Chini yake yalichapwa maneno haya: Bibi Corinne Desrochers katika shamba lake la ng'ombe wa maziwa. Armand aliyasoma akiwa amesimama katika duka la vyakula vya mifugo, na wenzake walikuwa wamekwisha kuyasoma kabla yake. Lyle Tatro, mwendeshaji wa greda la mji, mtu ambaye ulimi wake haukupata siku ya mapumziko, aliegemea gunia la pumba.

"Nasikia umepata kibarua kwa Mheshimiwa," akasema. "Vipi, analipa vizuri?"

"Chakula na malazi," Armand akajibu.

"Malazi pia? Basi umebahatika, ndugu yangu. Wengine huwalaza bandani."

Watu wakacheka, naye akacheka nao, kwa kuwa asiyecheka mahali pale huchekwa mara mbili. Alilipia pumba yake akaondoka. Shamba lilikuwa la babu yake. Babu yake alilisafisha kwa shoka na jozi ya maksai, akauzika mguu wake mmoja uliokatika chini ya mtufaa ulio nyuma ya nyumba. Njia nzima alijisimulia habari hiyo.

*

Jumapili iliyotangulia siku ya kura ya mchujo wa chama, Corinne alipiga pasi blauzi yake jikoni. Armand aliketi mezani na kikombe kilichokwisha kahawa. Walizungumza kwanza juu ya kwato za ndama, kisha juu ya mvua, na katikati ya mvua Armand akasema jambo ambalo hakukusudia kulisema.

"Wiki ile niliposhindwa, ulioka mapai ya kuku manane ukawapelekea walioninyima kura."

Corinne hakuinua macho. "Ilikuwa karamu ya kanisa, Armand. Hufanyika kila mwaka."

"Ulicheka nao."

"Nilicheka. Nilipaswa kuwalilia kwenye pai?"

Akakizungusha kikombe. Kwa miaka minane alikuwa amewahesabu watu wa Corley mmoja mmoja, kitandani, kanisani, juu ya trekta, akitafuta ni nani hasa waliomnyima. Wengi aliwapata, au alidhani amewapata. Mmoja alikuwa akimpita haraka kila alipomfikia, kisha humrudia.

"Hujapata kuniambia kama wewe ulinipigia," akasema.

"Hujapata kuniuliza."

"Ninauliza sasa."

Corinne akasimamisha pasi juu ya kitako chake. "Huulizi, bwana. Unashitaki. Siku utakayouliza nitakujibu." Akaikunjua blauzi, akaitazama kola, akaendelea kwa sauti ile ile. "Sikukuomba upige ngoma mbele yangu. Niliomba bango. Kama huwezi, sema huwezi, lakini usinidanganye habari za nyasi. Mimi nimekulia katika nyasi kama wewe."

Alikuwa binti wa mzee Beaulieu, aliyeongoza mkutano wa mji wa Corley miaka thelathini. Kila Machi wananchi walipokusanyika ukumbini kuchagua viongozi wao, desturi ilikuwa kwamba jina la mtu likitajwa, mwenye jina hutoka nje, akasimama barazani kwenye theluji mpaka aitwe, ili asishuhudie anavyopimwa wala asijipime mwenyewe. Mara ya kwanza jina la Corinne lilipotajwa, kwa kazi ndogo tu ya kutunza makaburi, alitoka bila koti kwa haraka ya aibu. Armand ndiye aliyemfuata na koti. Walisimama wote wawili barazani, pumzi zao zikitoka kama moshi, na siku ile hakumwonea wivu. Alimpenda sana siku ile. Jikoni Jumapili hii alilikumbuka koti lile, akakasirika kwamba amelikumbuka.

*

Siku ya kura, Armand aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda umepoa. Usiku alikuwa amesema mgongo unamwuma, na kwamba hakujua kama ataweza kukamua alfajiri. Mgongo haukuwa na neno. Alipofika bandani ng'ombe wote walikuwa wamekwisha kukamuliwa, sakafu imeoshwa, na Corinne alikuwa garini amevaa blauzi iliyopigwa pasi.

Walikwenda pamoja. Ukumbini Bi Hester Quimby, karani wa mji, aliyewafahamu tangu wakiwa watoto wa shule, aliwataka majina yao kana kwamba hajapata kuwaona, kwa maana sheria ilimtaka afanye hivyo, akawapa karatasi. Wakaingia katika vibanda viwili vilivyopakana, vyenye mapazia yasiyofika chini.

Kwenye nafasi ya naibu gavana palikuwa na majina mawili tu: Desrochers, na Halloran, wakili wa kusini ambaye Armand hakupata kumwona wala hakuwa na haja ya kumwona. Alisoma jina la ukoo wake limepigwa chapa. Miaka minane iliyopita lilipigwa chapa vivyo hivyo, na jina lililotangulia lilikuwa Armand. Akaisogeza kalamu juu ya duara la Halloran, akaiacha hapo. Hakuna ambaye angejua. Ingekuwa kura moja katika jimbo zima, haingembomolea Corinne chochote. Ingekuwa mali yake yeye peke yake, kitu cha kushika mfukoni kila wamsifupo mke wake mbele yake.

Akatazama chini. Chini ya pazia la kibanda cha pili aliona miguu ya Corinne. Ilikuwa imetulia, haiendi. Anajisoma, Armand akawaza. Anajistarehesha na jina lake. Na moyo wake ukawa mchungu hata akaikandamiza kalamu. Kisha akaona viatu. Katika haraka ya asubuhi Corinne alisahau kuvibadili. Vilikuwa vile vya bandani, na kisigino cha kushoto kilikuwa na mavi mabichi ya ng'ombe ambao mume wake hakuamka kuwakamua.

Mkono wake ulijaza duara la Desrochers kabla moyo wake haujakubali. Hakuona fahari yoyote kwa kufanya hivyo. Aliona aibu, na aibu ndiyo iliyompigisha kura. Akatoka, akaitumbukiza karatasi katika sanduku la mbao, na ikambidi amngoje mke wake mlangoni, kwa sababu Corinne alikuwa bado hajamaliza.

*

Jioni watu walirudi kusikiliza. Huko Corley kura huhesabiwa kwa mkono, mezani, mbele ya kila atakaye kutazama. Tess alitaka Corinne awe Montpelier, mji mkuu wa jimbo, na wafuasi wake, lakini Corinne alikataa kuondoka mjini kwao kabla ya kuwasikia watu wa kwao. Alikaa benchi la nyuma na Armand, mikono mapajani, kama mwanafunzi.

Bi Hester alivaa miwani, akasoma nafasi moja baada ya nyingine. Akafika kwa naibu gavana.

"Desrochers," akasema, "kura sabini na mbili."

Makofi yakaanza. Karani akainua kidole, kwa kuwa hakuwa amemaliza, na ukumbi ukatulia.

"Halloran. Kura moja."

Hakuna aliyegeuka mara moja. Waligeuka kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya anatafuta koti lake au mtoto wake, mpaka nyuso zote zikawa zimeelekea benchi la nyuma, si kwa Corinne. Mjane Gilman alimtazama Armand kama mtu atazamaye sahani iliyovunjwa. Kisha sauti ya Lyle Tatro ikatoka karibu na jiko la kuni.

"Naona nyasi nazo zimepiga kura."

Kicheko kilikuwa kifupi, kikafa haraka, kwa sababu watu walimheshimu Corinne. Armand alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari, nalo lilikuwa kweli tupu. Lakini alijiona kama walivyomwona wao, mtu wa shamba tupu penye kona ya barabara, na akajua kwamba katika majira yote yale hakuwa ametenda jambo hata moja ambalo lingelisaidia neno lake kuaminiwa. Akakifunga. Akamtazama mke wake, akitumaini kuona hasira. Corinne alikuwa ameinamisha uso, na midomoni mwake mlikuwa na tabasamu dogo ambalo Armand hakulielewa. Alilihesabu kuwa dharau.

Walitoka wakipeana mikono na watu. Mikono ya Corinne ilishikwa kwa muda mrefu, ya Armand kwa ncha za vidole.

*

Ndani ya pikapu Armand aliwasha redio tu, hakuwasha injini.

"Haikuwa mimi," akasema. "Huna haja ya kuniamini."

"Najua haikuwa wewe. Ilikuwa mimi."

Armand akageuka.

"Baba alitulea hivyo," Corinne akasema. "Kura yako mwenyewe huipi nafsi yako, unampa mwenzako. Nilisimama pale nikajiambia kwamba hii si kazi ya kutunza makaburi, niache ujinga. Nikashindwa. Nimempa Halloran, na hata simpendi."

"Mbona hukusema mle ndani? Wamenitazama kama mwizi wa ng'ombe."

Corinne akapangusa kioo cha dirisha ingawa hakikuwa na ukungu.

"Kwa sababu nilitarajia mbili," akasema. "Tangu asubuhi najua kwamba zitasomwa mbili, yangu na yako, nami nilikuwa najizoeza jinsi ya kuutuliza uso wangu. Hester aliposema moja, nilisahau kila kitu kingine."

Redio ya gari ilikuwa ikisoma habari za miji ya kusini kwa sauti ya chini. Wakaisikiliza kitambo bila kuielewa. Kisha Corinne akashika kitasa cha mlango, akasema atarudi ndani awaambie, kwani watu bado wapo.

"Kaa," Armand akasema.

"Si haki, Armand."

"Kesho magazeti yatasema kwamba hata mgombea mwenyewe alimchagua Halloran. Kaa. Waache waseme ni mimi. Ingeweza kuwa mimi." Akauweka mkono wake juu ya ufunguo, akauacha bila kuuzungusha. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aulizaye. "Na mwaka ule wangu?"

"Nilikupigia. Nani mwingine ningempa?" Corinne akauachia mlango. "Kura moja ya nyumba yetu ulikuwa nayo. Ya pili nilijua umempa mpinzani wako, kama walivyotufundisha. Nilijivunia hilo hata siku ile uliposhindwa."

Mwaka ule, katika kibanda kile kile, Armand alijaza duara la jina lake mwenyewe, kisha akalikoleza kwa kalamu mara ya pili ili wahesabuji wasije wakalikosea. Hakuna aliyemwona wala aliyeuliza. Miaka minane alimtafuta aliyemsaliti, na mke wake alikuwa akimsifu moyoni kwa adabu ambayo hakuwa nayo. Hata katika hili Corinne alikuwa amemtangulia. Wivu ukaingia tena, ule ule wa zamani, ukakaa mahali pake. Ila sasa aliujua sura, na alijua hauna mtu wa kumlaumu.

Akawasha gari. Walipofika kwao hakupita nyumbani. Aliingia bandani, akatoka na bango begani na nyundo mkononi, akalivuka shamba lililokatwa hadi kwenye kona ya barabara. Corinne alimfuata akiwa na ile blauzi na vile viatu, akamshikia nguzo isiyumbe.

"Kura zimekwisha," akasema.

"Novemba zitapigwa nyingine."

"Nikishinda huu mchujo."

"Ukishinda."

Alipiga nguzo. Mlango wa gari ulikuwa wazi, na redio ilisikika vizuri katika jioni ile tulivu. Msomaji alitaja kaunti za kaskazini, kisha akataja jina la Corinne Desrochers, kwamba anaongoza, na kwamba haionekani kama atafikiwa. Corinne alifumba macho. Pigo la Armand lililofuata lilikuwa zito kuliko nguzo ilivyohitaji, na lile jingine pia, mpaka mbao ikapasuka juu kidogo. Akasimama, akavuta pumzi, akaipapasa ile ncha iliyopasuka kwa kidole gumba.

"Na nyasi za pili?" Corinne akamuuliza.

"Mashine itazunguka," Armand akasema.